Robo ya Kidonge

Saa tatu kasorobo, Greenock, Novemba.
Mvua ya hapa hainyeshi, inakaa;
imekaa tangu Jumatatu juu ya mto Klaidi
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Naita majina. Struan Lafferty: hayupo.
Naweka alama nyekundu. Ya tisa mwezi huu.

Anaingia tukiwa katikati ya somo,
koti linachuruzika, tai mfukoni.
"Samahani, Mwalimu."
"Samahani haifundishi hesabu," nikamwambia,
na darasa likacheka,
nami, Mungu anisamehe, nikanogewa na kicheko.

Hilo naliandika kwanza, nisije nikajisifu baadaye.

Kwani dalili zilikuwepo, wazi kama chaki:
alivyokula nusu ya mkate wa kantini
na nusu akaiviringisha kwenye karatasi;
alivyoacha ugomvi
(mtoto mgomvi akitulia ghafla, usishukuru, uliza);
alivyoitazama saa ya ukutani
si kama anayengoja kutoka
bali kama aliyeacha chungu motoni.
Mimi niliona uvivu. Macho ninayo mawili
na yote niliyaelekeza kwenye mtihani.

Alhamisi nikaandika ubaoni:
nusu ya robo ni ngapi?
Kimya. Hata Eilidh, mjuzi wa yote, alitafuna kalamu.
Struan, shavu juu ya dawati, macho yamefumbwa:
"Thumuni. Lakini usijaribu kukata.
Robo yenyewe haikatiki, inakuwa unga.
Bora uyeyushe kwenye kijiko."

Darasa likacheka tena.
Safari hii sikucheka.

Kwetu tunaamkiana kwa kuulizana jambo: hujambo?
Na jibu tumelikariri kabla hatujaota meno.
Nilisema sijambo nikiwa na homa,
nilisema sijambo siku tuliyomzika kaka yangu Mbwana.
Nikaja huku, nikakuta watoto wa hapa nao
wana sijambo yao, fupi, ya kuinua bega moja,
nikaipokea kila asubuhi kama noti halali
bila kuinyanyua kwenye mwanga.

Sikumwita mbele ya wenzake.
Nilimwomba anisaidie kubeba madaftari hadi stoo;
mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.
Tukayapanga. Tukayapangua, tukayapanga.
"Nani anayekunywa robo?" nikauliza, nikitazama rafu.
Akahesabu madaftari ya bluu mpaka yakaisha.
"Mama."
Kisha yakafuata mengine, moja moja, kama maji ya bomba bovu:
vidole vya mama visivyoshika kikombe,
ngazi za ghorofa ya tatu,
mdogo wake Catriona wa kupelekwa chekechea,
basi linaloondoka wakati mlango wa chekechea unafunguliwa.
"Usimwambie mtu."

Hapo ulimi ulitaka kudanganya. Ahadi ni nyepesi.
Nikasema: "Hilo siwezi.
Yuko mmoja nitakayemwambia, Bi Gillespie wa ofisi ya chini,
na utakuwepo nikisema, na nikikosea utanisahihisha."
Alinichukia. Siku nne nzima hakuinua uso,
na siku hizo nne nilihesabu mimi vigae vya dari.

Nisiseme mambo yamenyooka.
Siku tatu kwa wiki anakuja mhudumu wa halmashauri
kumvisha mama, kupima dawa.
Jumanne na Ijumaa bado ni za Struan.
Siku hizo wino wangu mwekundu haufunguliwi;
nafasi yake kwenye orodha inabaki tupu, inamngoja,
na kiti chake kiko kando ya hita, koti likauke.

Simuulizi tena hujambo.
Nauliza: "Leo una jambo gani?"
Mara nyingi ni bega.
Jana, wengine wakikimbilia mapumziko, alibaki.
"Hizi sehemu za kujumlisha," akasema,
"kukata najua. Kuunganisha ndiko sijui."

Nikavuta kiti.